Nilivyofunga tanuri la kuni uani kwangu Sydney kwa ajili ya mama mkwe

Wakuu, salamu kwenu nyote. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo nikiandika vibaya mtanivumilia. Ila ninayosimulia yote yalinitokea mwenyewe, na pale nilipoonekana mjinga nimepaacha hivyo hivyo.

Naishi pembeni mwa Minto, ambako viwanja ni vikubwa na jirani yuko mbali. Nafanya kazi warehouse Ingleburn. Mke wangu Rhobi alifariki mwaka jana. Hilo sitalieleza sana.

Mama yake alikuja kunisaidia kumlea binti yetu Boke, ana miaka minane.

Sasa, sisi ni Wakurya wa Tarime. Wanaotufahamu wameshaanza kucheka. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Yeye kulala tu chini ya paa langu ni habari ya kusimuliwa kijijini mpaka mavuno.

Ikaingia winter. Wakuu, msidanganywe na picha za beach. Nyumba za huku kuta zake nyembamba kama boksi la viatu, asubuhi unakuta ndani kuna baridi kuliko nje.

Hita ilikuwa moja tu, sebuleni. Mimi nikiingia, mama anatoka. Nikajiongeza, nikamwachia sebule, nikawa nakaa garage na koti. Yeye akijua niko garage anaona haya, anarudi chumbani kwake kujifunika blanketi.

Kwa hiyo mkwe anatetemeka huku, mama anatetemeka kule, hita inapasha makochi.

Siku moja Boke akaniletea ujumbe. Yeye ndiye alikuwa posta yetu. Kiswahili anasikia vizuri, ila anajibu Kiingereza.

"Dad, Bibi says she's going home end of the month. Her bones are cold."

Zamu yangu inaanza alfajiri. Mama akiondoka, Boke angekuwa anaamka kwenye nyumba isiyo na mtu. Na niseme kweli, yule mama akiimba jikoni, ile sauti ni ya Rhobi kabisa. Sikuwa tayari kuipoteza mara ya pili.

Ndipo nikasikia kuna mkulima anauza tanuri la kuni la nje. Kwa wasiolijua, ni kama kibanda cha chuma kinachokaa uani. Moto unawaka tumboni, maji yanauzunguka, pampu inayasukuma yakiwa ya moto kwenye mabomba yaliyofukiwa mpaka ndani. Kila chumba kinapata rejeta yake, chuma cha ukutani kinachotoa joto.

Kila chumba, wakuu. Nilipoelewa hapo sikuuliza lingine.

Papa Bahati, Mkongo ninayefanya naye kazi, alikuja kunisaidia kuchimba mtaro wa mabomba. Alipoliona akashika kiuno.

"Papa Boke, hii ni treni ao ni nini? Mama mkwe atapanda humu mpaka Tarime?"

"Chimba."

"Kwetu mama mkwe tunamupa kitenge. Weye unamupa locomotive!"

Council walikuja kukagua, wakataka bomba la moshi lirefushwe. Nikarefusha. Kisha fundi, mzee wa Kizungu anaitwa Trevor, akaunga mabomba.

Hapa ndipo ujinga wangu ulipo. Nilimwambia rejeta kubwa kuliko zote aiweke chumba cha mama, tena bila koki ya kupunguza, nisije nikaonekana nimembania mkwe. Trevor alinitazama.

"Mate, she'll roast."

Nikamjibu kwamba hiyo ni heshima. Akafunga.

Siku ya kwanza tu, posta ikafika.

"Dad, Bibi says thank you very much."

"Amependa?"

"She's lying on the floor with the window open. She said don't tell you."

Trevor akarudi kuweka koki. Alicheka mpaka akakalia ndoo.

Baada ya hapo nikaongeza la kwangu. Nyuma ya tanuri, pale linapotokea bomba la moshi, nilichomelea bamba la chuma ili mama apate pa kuweka birika na kuchoma mahindi. Mlango wa kuni uko mbele. Katikati ni tanuri lenyewe, na linanizidi urefu. Sikupanga chochote, niaminini.

Jumamosi moja nilikuwa natia kuni, nikasikia birika linawekwa upande wa pili. Nikageuka niondoke.

"Baba Boke, kaa. Sikuoni."

Nikakaa. Akauliza:

"Rhobi alikuwa anaiwezaje baridi hii?"

"Alikuwa anavaa soksi zangu, mama. Mbili mbili. Zote alizimaliza."

"Huyo! Tangu mtoto alikuwa mwizi wa soksi. Baba yake alienda kanisani na viatu vitupu."

Alicheka. Halafu kile kicheko kikageuka, na upande wangu vilevile. Tangu mazishi hatukuwahi kulitaja jina lake sisi wawili. Hakuna aliyemwona mwenzake akilia, kwa hiyo mila haikuvunjwa.

Baadaye nikamsikia anapenga kamasi.

"Hizi kuni zitatufikisha lini?"

"Mwisho wa mwezi huu, mama."

"Ni chache. Ongeza."

Jumatatu niliagiza lori zima.

Nilichojifunza ni hiki: kabla ya kununua hita, jiulize kwanza nani hapo nyumbani hawezi kukaa na nani. Fundi hatakuuliza.

Tatizo limebaki moja. Lile bamba linapooza moshi, bomba linashika lami nyeusi, na Trevor anataka nilikate. Mwenye ujuzi wa kusafisha aandike hapa chini, nitamshukuru. Kulikata, hapana.

Na Wakurya mliomo humu, karibuni mniseme.