Waliojitoa, Waliotolewa

Kaka yangu ni fundi wa kufuli, lakini ukimwulizia kwa kazi hiyo mtaani watakutolea macho tu. Mwulizie Koplo. Jeshi aliliacha miaka kumi na miwili iliyopita, cheo ndicho kilichokataa kumwacha. Ukiingia kibandani kwake ukaanza kueleza shida yako upande wake wa kushoto, ujue unaongea peke yako. Sikio hilo lilibaki vitani. Atakuacha umalize yote, kisha akuambie, "Haya, sasa njoo huku uanze upya." Halafu anacheka mwenyewe mpaka funguo zinadondoka.

Mimi ni mdogo wake, naandika mabango. Na niseme wazi: vita ile naichukia mpaka leo. Haikuwa ya kwetu. Wakubwa wawili walitukanana wakiwa wameketi kwenye viti vyao, vijana wetu wakavushwa mpaka kwenda kuwamalizia ugomvi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru wenyewe tumewaona walivyonenepa. Nikiyasema hayo mbele ya Koplo, yeye anaendelea kuchonga ufunguo. Lakini mtu akithubutu kumcheka kwa sikio lake, au kusema askari wale walikuwa wajinga, mimi ndiye wa kwanza kumrukia. Sasa niko upande gani? Usiniulize, sijui.

Mwezi uliopita chama cha wanajeshi wastaafu kikaniletea kazi. Walitaka ubao wa kutundika ukumbini kwao, majina kumi na tisa ya wenzao waliokufa, na juu yake maneno makubwa: KWA HESHIMA YA VIJANA WETU WALIOJITOA MHANGA. Niliifanya kwa moyo wangu wote. Nilipima kwa rula, nikachora kwa penseli, nikapaka rangi nyeupe mara mbili.

Asubuhi ya shughuli Koplo akaja na mkokoteni kuuchukua ubao, suti imepigwa pasi, nishani kifuani. Akausoma kwa kidole, ndivyo anavyosoma kila kitu. Kidole kikasimama.

"Mdogo wangu, hapa umeandika nini?"

Nikasogea. WALIOTOLEWA MHANGA.

Lo! Mtu hujitoa mhanga; anayetolewa ni mbuzi. Herufi kumi zilikuwa zimegeuka kumi na moja, na mimi niliyezipimia nafasi moja moja sikuona kitu.

"Kaka, naapa sikukusudia. Mkono umeteleza."

"Umeteleza na rula?"

Aibu ikanipanda, na mimi aibu ikinipanda hugeuka hasira. "Basi na ibaki hivyo! Si ndiyo kweli yenyewe? Nani aliwauliza kama mnataka kwenda kufa kwa matusi ya watu?"

"Mimi niliulizwa," akasema. "Kwenye fomu. Kwa nini unataka kuwa askari. Ulinijazia wewe, kwa kuwa mwandiko wangu ni wa kuku. Nikakwambia, andika sijui."

Jamani. Nikakumbuka. Niliandika: Kwa kuipenda nchi yangu. Niliona hiyo "sijui" itamkosesha kazi, na nyumba nzima ilikuwa inamwangalia yeye. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, tena nikajisifu.

"Kwa hiyo mimi," akauliza, "nilijitoa au nilitolewa?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua, na alidhani mimi ninajua. Nikaangua kilio. Koplo akapapasa mezani kutafuta leso, akanipa kitambaa cha petroli, nikajifuta nacho, macho yakazidi kuwasha.

"Haya, futa na ubao," akasema. "Mama yake marehemu Mrefu anakuja. Mimi na mwanawe tulilala handaki moja. Siwezi kumsimamisha pale asomewe kwamba alizaa mbuzi."

Nikalifuta neno, nikaliandika upya, yeye ameshika rula. Tulifika ukumbini rangi haijakauka.

Mama yake Mrefu alikuwa kikongwe mfupi, ananifika kiwikoni. Kusoma hajui. Watu walipomaliza kuweka maua akanishika mkono. "Wewe ndiye uliyeandika? Nisomee, mwanangu."

Nikamsomea. Kwenye "waliojitoa" nikapita mbio, nikaendelea mpaka jina la mwanawe.

"Ni kweli alijitoa," akasema. "Nilimfungia mlango asiende. Akatokea dirishani."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Miaka yote nimepiga kelele kwamba vijana wale walisukumwa, kumbe yuko aliyeruka dirisha kwa miguu yake mwenyewe. Na kaka yangu, ambaye hakujua hata anakwenda kwa nini, aliyemsukuma ni mimi. Nimkasirikie nani? Nilimtazama Koplo. Alikuwa amesimama wima, mkono kwenye paji la uso, anawapigia saluti wenzake, machozi yanamtiririka na hayafuti.

Bibi akauinua mkono wake kwenye jina la mwanawe, asiliguse, maana nilikuwa nimemwambia rangi ni mbichi. 

"Na aliyewaita vitani?" akaniuliza. "Jina lake liko mstari wa ngapi?"

Nikayapitia majina yote kumi na tisa, juu mpaka chini, kama vile siye niliyeyaandika.

"Hilo sikuagizwa, mama."