Weusi wa Majembe ya Baba

Harufu ya oili chafu ikigusa chuma cha moto ndiyo iliyokuwa harufu ya Machi kwetu Eldoret. Baba alifua majembe kutokana na springi kuukuu za lori, na wakulima wa Moiben waliyangoja kabla ya mvua. Yalitoka motoni meusi, akayapaka oili yakingali na joto. Mimi, binti yake wa miaka tisa, niliuonea haya weusi ule. Majembe ya dukani yaling'aa. Yetu yalionekana kama masufuria yasiyooshwa.

Mwaka huo Mama Chebet aliagiza majembe kumi na mawili kwa ajili ya kikundi chake, oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Baba alipoyamaliza na kwenda Kaptagat kutafuta makaa, nilichukua msasa nikayasugua yote mpaka vidole vikachubuka, kisha nikayapanga uani yamngoje. Nilitaka anisifu, basi. Usiku manyunyu yakashuka. Asubuhi Baba alirudi hatua chache tu mbele ya Mama Chebet, wakayakuta yameota kutu nyekundu.

"Fundi, hizi majembe zimeoza na hata hazijaona shamba! Nitafute mwingine?"

Baba alitazama vidole vyangu.

"Hiyo ni makosa yangu, Mama. Nipe mpaka Jumamosi."

Mama Chebet alipoondoka, Baba aliwasha moto, akaniita nivute mivukuto. "Hii nyeusi si uchafu," alisema. "Chuma ikiwa moto inashikana na hewa, inavaa ngozi. Hiyo ngozi na oili ndio zinazuia maji. Kutu nayo inabanduka tu, haikingi kitu. Siku ingine uliza kwanza." Siku tatu tuliyarudisha motoni moja moja, na Jumamosi Mama Chebet aliyabeba yote.

Sasa naishi mtaa wa Elgon View, hukuhuku Eldoret, na sinki langu ni la chuma kisichoshika kutu. Wanaojua husema nalo lina ngozi, nyembamba hata haionekani, na ukilikwaruza hewa hulivisha nyingine papo hapo. Ni zuri, silisemi vibaya. Lakini namkumbuka Baba, maana alizikwa kabla sijamshukuru kwa kubeba kosa langu mbele ya Mama Chebet. Siku hizi nikikosea kazini, kosa ni langu peke yangu.