Springi ya Wiki Moja

Pale njia panda ya Usagara, ukimuulizia Nestory unaweza kuambiwa hajulikani. Muulizie Fundi Mashoto, na hata wauza ndizi watakuonyesha banda lake kwa kidole. Jina hilo alilipata shuleni, kwa mwalimu aliyehangaika miaka mitatu kumhamishia kalamu mkono wa kulia, na mwishowe akachoka mwalimu. Mkono huo huo wa kushoto ndio uliomlisha, ukasomesha wanawe wanne, ukafungua karibu kila trekta zee linalolima majaruba ya mpunga kutoka hapo hadi ufukweni mwa ziwa. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na katika maisha yake alijivunia jambo moja kuliko yote: kazi yake hairudi.

Jumanne moja ya Desemba, mvua zikiwa zimeshakolea, ilirudi.

Alikuwa ameitwa shambani kwa Khalidi, mfanyabiashara mwenye mashine ya kukoboa mpunga Buhongwa na majaruba kando ya ziwa. Trekta lilikuwa limesimama katikati ya tope na jembe limeinuliwa. Dereva wake, Josephat, mwanamume wa watoto wawili aliyekuwa na msimu mmoja tu kwenye usukani ule, alikuwa ameegemea tairi kubwa bila raha.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Linasemaje?"

"Halitulii. Ukiinua jembe linanguruma lenyewe, ukizamisha linataka kuzima. Bosi ameniambia, fundi akisema ni mguu wangu nirudishe funguo. Anasema nimeambukizwa ugonjwa wa Malimi."

Nestory hakupenda kulisikia jina hilo. Malimi aliliendesha trekta lile miaka kumi, hadi mwaka jana alipofukuzwa kwa kosa hilo hilo: kuchezea moto, yaani pedeli ya mafuta, kukanyaga na kuachia ovyo, hata injini ikawa inapanda na kushuka kama mgonjwa wa homa. Sasa alikuwa anafyatua tofali nyuma ya Buhongwa.

Na Nestory alikuwa na kamkono kake katika habari ile. Khalidi alimpigia simu kumuuliza ni kitu gani hufanya trekta lipande na kushuka hivyo. Simu ilimkuta chini ya lori la mtu, oili ikimdondokea usoni, naye akajibu kwa utani, bila hata kuuliza swali la pili: "Bosi, hapo ni mguu wa dereva tu." Akacheka, akakata. Jioni akasikia Malimi hana kazi. Alijiambia bosi lazima alikuwa na sababu nyingine, akaenda kula ugali wake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

"Washa," alimwambia Josephat. "Kisha shuka. Ondoka kabisa, simama kule kwenye tuta."

Josephat aliwasha, akashuka, akaenda tutani. Nestory akavuta moto wa mkono, ule wenzo wa kuongeza mafuta kando ya usukani, hadi nusu, akauacha hapo. Hapakuwa na mguu wa mtu yeyote karibu na trekta lile. Injini ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Nestory akalisikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana alikuwa ameshapata jibu la swali aliloulizwa mwaka jana.

Bado alijipa matumaini. Huenda ni uchafu. Akafungua chujio la dizeli, akakuta safi. Huenda ni upepo kwenye mipira ya dizeli. Akautoa, akakaza kila nati, na injini ikaendelea na mchezo wake. Akavifuata vyuma vinavyotoka kwenye moto hadi kwenye pampu ya dizeli, akavitikisa kimoja kimoja. Havikuwa vimelegea. Kilibaki kifuniko kidogo juu ya pampu, nyumbani kwa gavana, kifaa kinachotuliza mwendo wa injini. Humo mna ubishi wa siku zote: vyuma vinavyozunguka vinasema mwendo upungue, springi nyembamba inavuta kusema uongezeke, na kutokana na ubishi huo injini hupata mwendo mmoja. Springi ikichoka, kila upande unashinda kwa zamu.

Alifungua kifuniko, akaichungulia springi.

Ilikuwa imesokotwa kwa spoku ya baiskeli. Tena imesokotwa kinyume, kuelekea kushoto. Katika wilaya yote ya Misungwi kulikuwa na fundi mmoja tu wa kusokota hivyo.

Yote yakamrudia. Miaka sita nyuma, msimu kama huu, springi ilikatika na madukani Mwanza haikupatikana. Aliizungusha ile spoku kwenye msumari hapo hapo shambani, na aliyeushika msumari kwa koleo alikuwa Malimi mwenyewe. "Hii ni ya wiki moja tu," alisema Nestory siku ile. "Ikifika mjini nakuletea halisi." Wiki ikapita, trekta likalima, hakuna aliyelalamika, naye akasahau. Springi ya wiki moja ikafanya kazi miaka mitano ndipo ikaanza kuchoka.

"Umeona nini, fundi?" aliuliza Josephat kutoka tutani.

"Springi imechoka."

"Kwa hiyo si mguu wangu?"

"Si mguu wako."

Josephat alivua kofia, akajifuta uso, akakaa chini palepale penye matope.

Siku hiyo hiyo Nestory alikwenda mjini, akarudi na springi ya dukani, akaifunga. Injini ilikamata mwendo mmoja, na jembe lilipozama mlio ulipungua kidogo tu, ukarudi palepale. Khalidi akapiga simu kumsifu. "Fundi, wewe ni kiboko. Ilikuwa nini?"

"Springi, bosi. Ilikuwa imezeeka."

Hakusema uongo, ila ukweli wote pia hakuusema. Mtu mwingine angefunga boksi lake la spana yakaishia hapo, na mimi nisingemlaumu sana, maana ni wangapi wetu wanaokwenda kuamsha aibu iliyolala? Lakini Nestory aliitia ile springi ya zamani mfukoni, na kila alipoketi ilimchoma paja. Aliona haya, haya ya kweli, ya kumkosesha mtu hamu ya chai.

Jumatano asubuhi alipanda daladala kwenda Buhongwa. Alimkuta Malimi amepiga magoti, mikono imezama kwenye udongo hadi viwikoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Nestory akaitoa springi, akaiweka juu ya tofali bichi. Malimi akaitazama bila kuigusa.

"Unaikumbuka?"

"Niliushika msumari."

"Malimi, nimekuja kukwambia jambo usilolijua. Mwaka jana bosi alinipigia simu. Mimi ndiye niliyesema ni mguu wako."

"Nalijua." Malimi alisawazisha udongo kwenye kibao cha kufyatulia kwa kiganja. "Nilikuwepo. Bosi alinituhumu palepale mashineni, mbele ya watu na magunia yao. Nikamwambia, mpigie Fundi Mashoto, springi ile anaijua, yeye atakwambia ukweli. Mimi ndiye niliyetaka upigiwe, fundi. Akaweka spika. Nikakusikia ukicheka."

Nestory alitafuta mahali pa kukaa, akakosa, akachuchumaa.

"Na mwaka mzima unaniamkia."

"Sasa niache kuamkia wakubwa kwa sababu yako?"

"Nimekukosea, ndugu yangu. Nimekukosea sana. Nitamwomba bosi akurudishie trekta lako."

"Na Josephat aende wapi? Yule hana kosa." Malimi aliinua kichwa. "Trekta si langu. Langu lilikuwa jina. Tangu siku ile hakuna mwenye trekta aliyenipa usukani, kuanzia hapa hadi Misungwi. Maneno yalisikika mashineni. Yasikike tena mashineni."

Nestory alielewa. Akatoa simu, akapiga. Nyuma ya sauti ya Khalidi mashine ilikuwa inanguruma.

"Bosi, watu wapo hapo?"

"Wamejaa. Kwani vipi?"

"Naomba uweke spika kama mwaka jana. Na mashine uizime kidogo."

Mngurumo ukafifia hadi ukakoma. Nestory naye akaweka spika yake, akaishika simu katikati yao wawili.

"Wenzangu, mimi ni Nestory, Fundi Mashoto wa Usagara. Mwaka jana mlinisikia nikisema trekta linaharibiwa na mguu wa Malimi. Sikuwa nimeliangalia. Ubovu ulikuwa kwenye springi, na springi ile niliitengeneza mimi kwa spoku, nikaahidi kuibadilisha baada ya wiki moja, nikaiacha miaka sita. Malimi alisema kweli. Aliyeharibu ni mimi."

Mwanamke mmoja akasikika kwa mbali akisema, "Si niliwaambia?" Kisha ikaja sauti ya Khalidi, ya chini kuliko kawaida yake.

"Malimi yupo hapo?"

"Yupo, anasikia."

"Malimi, na mimi nilikosa. Sikukupa hata siku moja ya kujitetea. Njoo mashineni tuongee, watu hawa hawa wakiwepo."

Malimi alikigeuza kibao, akakivuta juu taratibu, na tofali likabaki chini limenyooka pembe zote nne.

"Mwambie nimesikia," alisema.

Kisha akanawa mikono kwenye ndoo, akaitwaa ile springi ya spoku, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Fundi, hii mpya umeifunga ya wiki ngapi?"

Nestory alicheka, kicheko kikageuka machozi, akayafuta kwa mkono wake wa kushoto. Malimi akavaa shati, akaitia springi mfukoni mwake, na wakaongozana kwenda mashineni kwa miguu.