Bi Sitara Aialika Kariakoo kwenye Mhadhara

Saa tatu asubuhi, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Bi Sitara Seifu amesimama mbele ya mlango ulio wazi, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, na kizingiti hakivuki ng'o. Anapiga hodi, anangoja. Anatengeneza ushungi, anapiga hodi ya pili.

"Karibu!" inajibu sauti kutoka uani.

"Starehe. Wenyewe mpo? Nimetumwa."

Hapo ndipo nyumba inapoamka. Wanawake wawili wanatoka mbio, mmoja ana unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, hadi kwenye viwiko. Mkeka unatandikwa barazani. Bi Sitara anaketi, anauliza hali za wazima na wagonjwa, halafu anatoa alichokuja nacho.

"Ndugu Leodegar wa chuo kikuu anawasalimu sana. Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, ana mazungumzo kwenye ukumbi wa mafundi cherehani. Ni habari za utani, kwa nini Mnyamwezi anaweza kumchokoza Mzaramo hata msibani na mtu asikunje uso. Anawaalika nyote. Chakula hakuna. Nasema mapema, jamani, chakula hakuna!"

Wanawake wanaangua kicheko. Kariakoo nzima inajua kwa nini siku hizi Bi Sitara anamalizia hivyo.

Bi Sitara ni mwalikaji. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, na amealika watu kwenye harusi za Kariakoo na Ilala tangu alipokuwa mwali. Huku, kadi haimtoi mtu nyumbani. Lazima aje mtu kwa miguu yake, aanze na mama mkubwa wa nyumba, amtaje mwenye shughuli kwa jina, wala asiruke mlango.

"Ukiruka mlango mmoja umekwisha," anasema huku akivaa kandambili. "Watu watakwambia hawana kinyongo. Uongo! Watakaa miaka hawakutumi tena."

Miaka hii miwili imemchapa. Mvua zimekuwa haba, mchele ni wa foleni na sukari ni ya kubahatisha. Watu wanaoa kimyakimya, kikombe cha kahawa, dua, kwisha. Bi Sitara, aliyekuwa hakosi kutumwa kila wiki, akaanza kuchoma mihogo kando ya soko.

"Niliumia," anasema waziwazi. "Si kwa fedha tu. Nilizoea nikionekana mtaani watu wanajua kuna furaha inakuja. Sasa wakiniona wananiuliza pilipili iko wapi."

Wakati huohuo, kule chuo kikuu, Mlimani, idara ya anthropolojia, yaani wale wanaosomea mila na maisha ya watu, iliamua kushusha mihadhara yake mjini. Waliona haifai kuzungumza habari za wananchi wakati wananchi wenyewe hawapo. Walibandika matangazo kuta zote za Kariakoo kwa gundi ya unga wa ngano. Mbuzi wa Mtaa wa Mchikichi walikula gundi, na matangazo pamoja nayo.

Katika mhadhara wa kwanza waliofika ni mhadhiri mwenyewe, mlinzi wa ukumbi, na fundi mmoja aliyefuata mkasi wake.

Mhadhiri huyo ni Leodegar Komba, kijana wa Songea aliyepanga chumba Mchafukoge. Alirudi nyumbani kanywea. Mama mwenye nyumba akamwuliza, "Ulimtuma nani kualika?" Alipojibu kwamba hakumtuma mtu, yule mama alimhurumia kwa dhati na kumpeleka kwa Bi Sitara.

Mhadhara wa pili ulihusu harusi za pwani. Bi Sitara alipita nyumba kwa nyumba, na ukumbi ukafurika hadi madirishani. Wanawake walikuja na kanga za sare, wamejifukiza udi, na sahani zao mikobani. Walisikiliza kwa adabu, wakanusa hewa, wakatazamana.

Katikati ya mazungumzo akasimama Bi Amna, mke wa muuza vitambaa, mama anayeheshimika mtaa mzima. "Samahani, mwanangu," alisema. "Maneno yako matamu. Lakini pilau inapakuliwa saa ngapi?"

Leodegar alidhani ni mzaha. Akacheka.

Bi Amna akachukua mkoba wake akatoka, na wanawake wote wakamfuata. Bi Sitara, aliyekuwa mlangoni, walimpita bila kumuaga.

"Sikuwaza kabisa," anasema sasa. "Tangu nizaliwe sijawahi kualika watu mahali ambapo hapakupikwa. Nikipiga hodi mimi, watu wanajua kuna chungu jikoni."

Idara ikasema itajaribu tena mara moja tu. Jumamosi ukumbi ukiwa mtupu, mihadhara itarudi Mlimani. Kwa Bi Sitara hasara ni kubwa zaidi. "Mwalikaji hana duka wala shamba. Ana jina lake. Wasipokuja safari hii, nani atanituma tena, hata kwa harusi ya kahawa?"

Ndiyo maana kabla ya kuanza mizunguko alimketisha mhadhiri akamfunda. "Mwanangu, wewe ndiye mwenye shughuli. Mwenye shughuli hakai jukwaani akingoja watu. Anasimama mlangoni, anawapokea." Leodegar akasema, "Sawa, mama, nitasimama."

Mlango ambao Bi Sitara aliuogopa ni wa Bi Amna, akauacha wa mwisho. Anapiga hodi. Anapiga ya pili. Mkeka hautoki. Bi Sitara anasema ujumbe wake wote kwa pazia, pamoja na habari ya chakula. Desturi ni kujibiwa "Tumesikia, inshallah tutafika." Kutoka ndani linakuja neno moja tu: "Nimesikia."

Jumamosi, alasiri. Leodegar yuko mlangoni, suti yake ya Kaunda imepigwa pasi, anashika mikono ya wageni na kuuliza hali za watoto. Wanaingia mafundi, wanaingia makuli wa sokoni, wanaingia akina mama wa Mtaa wa Sikukuu. Lakini upande wa mikeka ya wanawake nusu ni wazi. Kutoka mtaa wa Bi Amna hajatokea hata mmoja. Bi Sitara amesimama kando ya ukuta akisokota pindo la kanga. Hataki kuzungumza na mwandishi wa habari wala na mtu yeyote.

Mara vinasikika vishindo vya kandambili. Bi Amna anakuja, nyuma yake mtaa mzima, na kichwani ana sinia lililofunikwa kawa. Watu wanageuza shingo. Wengine wanadhani amekuja kukejeli.

Anamfikia mhadhiri, anafunua. Ni mihogo ya nazi, ingali inatoa mvuke.

"Safari ile nilikuja na sahani tupu, nikarudi nayo tupu," anasema. "Leo nimepika mwenyewe. Shughuli ya Sitara haiwi kavu mimi nipo."

Leodegar anapokea sinia kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama. Na unisamehe kwa kile kicheko."

"Marahaba. Sogea basi tupite, usituzibie njia."

Bi Sitara anajifuta macho kwa ushungi, haoni aibu. Mazungumzo hayajafika mbali kabla kuli mmoja Mnyamwezi hajainuka na kunyakua muhogo mkononi mwa mzee wa Kizaramo aliye jirani yake. Mzee anamporomoshea maneno yasiyoandikika gazetini, na ukumbi unavunjika mbavu. "Sasa mimi nina haja gani ya kueleza?" anauliza Leodegar, lakini anaeleza, na hakuna anayetoka.

Wakati wote huo Bi Sitara amesimama mlangoni. "Leo chuo kikuu kimeketi Kariakoo," anasema, kidevu juu. "Na aliyekileta ni mimi, kwa miguu yangu hii."

Idara imekwisha kumtuma kwa mhadhara ujao. Je, ana ombi lolote?

"Nataka siku moja nialikwe. Umri wote huu hakuna aliyepiga hodi kwangu kunialika. Watu husema, aa, Sitara anajua. Nami nataka niketi, nisikilize mwanzo hadi mwisho."

Bi Amna, aliyerudi kuchukua sinia lake, amesikia. "Basi kwako nitatumwa mimi," anasema. "Uwe nyumbani."

Kesho yake asubuhi, Mtaa wa Mchikichi, mwandishi wa makala haya anamkuta Bi Sitara nyumbani kwake, ameanika mkeka ukutani na sasa anafagia baraza.

"Amna akisema anakuja, anakuja," anasema bila kuacha ufagio. "Nami sitoki upesi. Nitamwacha apige hodi ya pili."