Herufi Iliyobaki Ndani

Mama Pindo alipata jina hilo kiwandani, maana hakuna aliyekunja pindo la suruali kama yeye. Tangu usichana alishona sare za askari, wauguzi na wanafunzi, cherehani yake ikipakana na ya mdogo wake, aliyeitwa Kijiti kwa wembamba.

Kila king'ora kilipolia, mlango wa kiwanda ulipigwa kufuli. Wenye mali walisema wanazuia wizi wa vitambaa. Ukibanwa na haja, unajikaza. Ukizimia kwa joto, unazimia hapo hapo, na cherehani ya jirani inaendelea kunguruma.

Siku wanawake waliposema imetosha, ndugu hao wawili walipewa kazi ya bango. Walikaa uani saa ya chakula, shuka jeupe limetandazwa magotini. Kijiti alikata herufi kwenye mabaki ya sare za buluu, dada yake akazishona kwa mkono: FUNGUENI MILANG. Hapo mabaki yakaisha.

"Hii O balaa," Kijiti alisema. "Tumbo wazi, lakini inakula kitambaa kuliko zote."

"Kama wewe tu. Unamaliza sufuria nzima na mwili hauonekani."

"Nisubiri, dada. Naingia kuiba kipande kimoja, halafu wizi nimestaafu."

King'ora kikalia akiwa ndani. Waliogoma walibaki uani, walioogopa wakarudi kazini. Msimamizi akafunga, akatia ufunguo mfukoni, akaenda zake kula. Moto ulianzia chumba cha kupigia pasi. Mama Pindo aliugonga mlango ule kwa ngumi, kisha kwa jiwe, na upande wa pili nao walikuwa wanagonga. Kisha upande wa pili wakaacha.

Waliteketea kumi na mmoja. Bango lilibebwa mazikoni vile vile, bila herufi yake ya mwisho, na hakuna aliyethubutu kuiongeza. Msimamizi hakushtakiwa. Alipandishwa cheo.

Miaka thelathini na minane baadaye, bango likawekwa kwenye jumba la makumbusho. Mama Pindo, macho yamekwisha kuingia ukungu, alikwenda kuliona. Mlinzi wa mlangoni, ambaye mama yake alishona na Mama Pindo kiwanda kimoja, alimshika mkono hadi kwenye kioo. Mama Pindo akasogeza uso karibu. FUNGUENI MILANGO.

Alimtafuta mkuu wa maonyesho ofisini kwake.

"Hiyo O kaiweka nani?"

"Tulilikarabati, bibi. Watoto wa shule walikuwa wanacheka, eti washonaji wa zamani hawakujua kuandika."

"Si mngewaambia."

"Kibao cha maelezo kina mistari minne tu."

Mistari minne ilitosha kumtaja mheshimiwa aliyekata utepe, pamoja na cheo chake chote. Kijiti hakupata hata neno.

Mama Pindo aliandikisha barua tatu. Akajibiwa mara moja, kwamba suala lake linashughulikiwa. Mwili wa mdogo wake haukutambulika kati ya ile kumi na mmoja. Pengo lile kwenye shuka ndilo pekee alilokuwa nalo la kuonyesha kwamba Kijiti alitoka uani akikusudia kurudi.

Kisha pindo la bango likaachia. Mkuu akakumbuka kwamba yule bibi msumbufu ni fundi, akamwita alishone. Hakusema neno la malipo, naye Mama Pindo hakuuliza.

Walimwekea bango mezani, chumba cha nyuma. Alishona pindo kwanza, kwa sababu kazi ni kazi. Baadaye akapapasa herufi moja moja. Zilizoshonwa kwa mkono wake zilikuwa na vinundu, kama kovu. Akafika kwenye O: laini, imenyooka, haina habari. Akachomoa wembe kwenye kilemba, akaifumua uzi kwa uzi. Mlinzi alichungulia, akaona, akageuka kutazama ukuta.

Walimpiga marufuku kukanyaga pale. Wiki haikuisha, mlinzi akampigia simu.

"Shangazi, wameweka nyingine."

"Kwa mkono?"

"Kwa cherehani."

"Na pindo langu?"

"Lipo, halijaguswa. Wanalisifia."

Ile O aliyoifumua ilikuwa mezani kwake nyumbani, imejikunja kama ganda.

"Basi hiyo nayo inafumuka," Mama Pindo alisema, akaanza kupapasa akitafuta wembe, ingawa mlango wa kuifikia ulikwisha kufungwa.