Papa, Bibi Yako Yuko Maternite

Niliondoka Kalemie, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, kwa sababu wanaume wanasahau. Wanasahau siku ya kliniki, kisha wanasema hawakuambiwa. Mimi ni mhandisi wa programu za kompyuta, nikatengeneza programu inayomtumia mwanamume ujumbe wa kumkumbusha kumpeleka mkewe mjamzito kupimwa. Watu wa kazi yetu wakaitisha mkutano Kigoma, ng'ambo ya ziwa, nami nikaalikwa kuionyesha.

Shida ilikuwa nyumbani. Furaha, mke wangu, alikuwa na mimba ya kwanza, na tumbo lilikuwa limeshuka.

"Enda," aliniambia, "lakini urudi mbele mutoto hajazaliwa. Mutoto wangu hapashwi kumuona papa yake mara ya kwanza ku telefone."

Mama Odile, mama mkwe wangu, aliyekuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, hakuinua hata kichwa. "Papa, ile kompyuta haizae. Ingekungoja."

Nikaapa kwamba nitarudi kabla ya siku zake.

Ziwani nilikaa kati ya madumu ya mawese. Sisi wa Kalemie tunajisifu kwamba Kiswahili chetu kimekaa karibu na cha Kigoma, na ndugu zetu wa Lubumbashi tunawacheka waziwazi. Mawimbi yalinitapisha kila kitu siku ile isipokuwa majivuno hayo.

Kigoma nilipokewa na Dada Rehema, mratibu wa mkutano, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kuita watu sokoni. Alinilisha wali na samaki wa mgebuka, akanisifu kwa lafudhi yangu. Nikavimba kichwa zaidi.

Kesho yake ukumbini niliunganisha simu yangu na skrini kubwa, nikabonyeza. Ujumbe ukatokea kwa herufi nene: "Papa, bibi yako ana mimba ya miezi saba. Umupeleke kupimwa."

Kisha ukumbi mzima ukaangua kicheko, wengine wakishikana mabega wasianguke. Dada Rehema alinijia akipangusa machozi.

"Kaka, huku papa ni yule samaki mkubwa wa baharini, mwenye meno. Na bibi ni mama yake mama yako."

Kwetu kila mwanamume mzima ni Papa, na bibi ni mke wake. Kumbe nilikuwa nimemwarifu samaki kwamba nyanya yake ni mjamzito. Nikacheka nami, ningefanya nini?

Kabla hawajatulia, ujumbe wa pili ukaruka kwenye skrini: "Papa, bibi yako anaumwa. Tuko naye ku maternite. Kuya mbio."

Sasa watu waligonga meza. "Mnaona?" nikasema kwa fahari. "Programu haichoki. Hapo inamwita baba aje haraka kwenye wodi ya wazazi."

Kisha nikakumbuka kwamba sikuwahi kuandika ujumbe huo. Nikatazama jina la mtumaji. Mama Odile.

"Bibi yangu anazaa!" nikapiga kelele.

Wakanipigia makofi.

"Si mchezo! Ni bibi yangu mwenyewe!"

Dada Rehema akanishika mkono, bado anacheka. "Bibi yako ana umri gani, kaka?"

"Makumi mbili na sita!"

Aliwaza kidogo, uso ukambadilika. "Jamani, ni mke wake! Mke wake anajifungua!" Kicheko kikakatika, naye tayari alikuwa anatafuta funguo za gari.

Bandarini, boti ya Kalemie ilikuwa imekwisha ondoka. Iliyobaki ilikuwa inakwenda Kabimba, kaskazini ya Kalemie, imejaa magodoro. Nilimwambia nahodha nina haraka. "Haraka njo yako, Papa," akajibu. "Ziwa haina." Nililala juu ya magodoro mapya kabisa na usingizi haukuja. Katikati ya maji mtandao ulikatika, mimi ninayekula kwa mtandao, nikabaki naomba Mungu kama babu zangu. Niliogopa sana.

Asubuhi Kabimba hapakuwa na gari lolote isipokuwa lori la simenti. Nikapanda juu ya mifuko. Kila shimo la barabara lilinimwagia vumbi lake, na mashimo ya barabara ile ninyi mnayajua.

Kalemie nilishuka mbele ya maternite nikikimbia. Muuguzi akajaza mlango.

"Weye njo nani?"

"Njo bwana yake Furaha!"

"Bwana gani? Mimi ninaona mufuko wa simenti. Haingie humu."

"Amekwisha kuzaa?"

"Mimba ya kwanza haina mbio. Bado."

Mama Odile alinisikia, akafungua dirisha la chumba. Kitanda cha Furaha kilikuwa kando ya dirisha kabisa, nyuma ya nondo.

"Umefika?" Furaha akauliza, jasho likimtiririka.

"Nimefika. Unajua, kule Kigoma papa ni samaki…"

"Nyamaza. Leta mukono."

Niliupitisha kati ya nondo. Akanishika vidole, maumivu yakamjia, akabana. Nikalia kwa sauti. Muuguzi akageuka. "Kati yenu wawili, nani anazaa?"

Akabana tena, na tena, mpaka nikasahau ziwa na lori. Kilio kilichofuata hakikuwa changu wala chake.

Ni msichana. Mama Odile alimleta dirishani, naye mtoto akafumbua jicho moja, akanitazama mimi niliye mweupe pe kwa simenti, akalifumba. Nikalia machozi mbele ya watu na sikuona haya.

Kigoma waliichukua programu. Huko inasema mke, kwetu imebaki bibi. Nilichojifunza ni hiki: simu inaweza kumkumbusha baba siku yoyote, lakini vidole vya kubanwa lazima avilete mwenyewe. Vyangu vilivimba, nikaandika programu kwa mkono wa kushoto wiki nzima, na kila aliyeniuliza nimeumia wapi nilimjibu kwa furaha: nilikuwa ninazaa.