Ghala, Mwambie

Tangu Mwalimu Adeke aondoke, darasa la nne pale Malaba halijasikia tena hesabu za choo zikiimbwa. Ubao upo. Sauti haipo.

Mwaka kipindupindu kilipovuka mpaka wa Uganda, katikati ya miaka ya sabini, Adeke hakungoja kipindi cha afya. Hesabu ikawa hatua za kutoka kisimani hadi chooni. Imla ikawa maji ya kuchemsha, na yote yakaimbwa. Darasani madawati mawili yalikuwa matupu, na wenyewe wamezikwa.

Asubuhi moja Akol, binti wa mwenye hoteli, akainua mkono.

"Mwalimu, sisi tukienda mtoni tunakuonanga kichakani. Kwani wewe huna choo?"

Kicheko kililipuka, kikafa ghafla. Ilikuwa kweli. Nyumbani choo kilikuwa kimoja, cha mzee Emukule, baba mkwe wake, na mke wa Kiteso haketi anapoketi mkwe. Hata kukitaja ni aibu. Tena Emukule ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Neno lake moja, Adeke angekosa kazi na ndoa. Lakini akidanganya, watoto wangejua kwamba wimbo ni wimbo tu, nao wangeendelea kufa.

"Sina," alisema. "Andikeni. Shimo ni futi kumi na mbili. Mtu mmoja akichimba futi moja kwa siku?"

"Siku kumi na mbili!"

"Naanza leo."

Jioni alikuwa shimoni, udongo ukimfika magotini, jirani wakimcheka, wakimwita kwa jina la mwanawe: "Mama Ikapel, unamchimbia nani kaburi? Mume wako yuko reli Eldoret, mzima!"

Emukule akaja. Akasimama mbali, akampa mgongo, akalisemesha ghala la mtama, kama inavyompasa mkwe, asiyesema na mke wa mwanawe ana kwa ana.

"Wewe ghala, mwambie mama Ikapel, mke akichimba shimo anamwitia mumewe kifo."

Adeke naye akaligeukia ghala. "Ghala, mwambie baba, kifo kimeshavuka mpaka. Hakikungoja kuitwa."

Mzee akawatazama kuku wakianza kupanda mtini.

"Ghala, mwambie atoke humo."

Akatoka, macho chini, akijiona tayari njiani kurudishwa kwao. Nyuma yake akasikia jembe likipiga udongo.

"Ghala," sauti ikatoka shimoni, "mwambie alete karai."

Leo Adeke yuko Butula, kwa bintiye Euphrasia. Haoni vizuri, lakini hatua za kwenda chooni bado anazihesabu kwa kuimba.